Mahari ya Mitungi Mitatu

Siku niliyoingia chuoni Kitui nilipata baba kabla sijapata ufunguo wa chumba. Vijana waliovaa fulana za kijani walikuwa wamejipanga langoni, na kila fresha, mgeni wa mwaka wa kwanza, aliyeshuka na godoro alivamiwa kwa furaha. Mmoja alininyakulia sanduku la bati, mwingine ndoo, wa tatu akanishika bega na kunitazama kama mtu aliyenipoteza sokoni nikiwa mchanga.

"Karibu nyumbani, mwanangu," akasema.

Mimi baada ya kidato cha nne nilikuwa nimekaa kwetu Malili kwa muda, nikiwauzia madereva wa malori chai na mayai ya kuchemsha, na kwa kumtazama tu nilijua nimemzidi umri. Nikamwambia hivyo. Hakutikisika.

"Katika roho hakuna umri. Niite baba. Na yule pale ni mama yako."

Mama yangu alikuwa msichana mfupi wa mwaka wa tatu, mwalimu mtarajiwa wa hesabu, ameegemea ukuta akitafuna karanga. Akanipungia mkono.

"Usijali, mwanangu," akasema. "Hata mimi sikumchagua."

Ndivyo ushirika wa wanafunzi Wakristo ulivyowapokea wageni. Ukifika unawekwa katika familia. Baba na mama ni wa mwaka wa tatu, watoto ni mafresha, na kila Jumatano jioni familia inakutana kuomba, kuimba na kuulizana hali. Yetu ilikutana nyuma ya maktaba. Wala sitausema vibaya mpango wenyewe. Mama ndiye aliyenionyesha kisima wakati mabomba ya hosteli yalipokauka, na nilipougua tumbo baba alinipeleka zahanati akiwa amenishika mkono mbele ya watu, jambo ambalo baba yangu wa kunizaa hangelifanya hata kwa dawa. Lakini mimi nina tatizo la kuuliza. Jumatano ya kwanza niliuliza kama katika ukoo huu kuna babu. Baba alijibu kwa uso mkavu kwamba babu ni mwenyekiti wa ushirika, na kwamba babu haulizwi maswali.

Mwenyekiti alikuwa wa mwaka wa nne. Alivaa koti jeusi katika jua la Kitui, jua ambalo hata mbuzi hulikimbia, na alisalimia kwa mikono miwili kama mtu anayejiandaa kuomba kura. Kila fresha alijua kwamba atagombea kiti cha wadi kwao. Yeye peke yake ndiye aliyedhani ni siri.

Nilikaa chumba kimoja na ndugu yangu wa familia, kijana mpole kutoka upande wa Kyuso, mpiga ngoma. Yeye na mchumba wake walikuja chuoni siku ileile. Walikuwa wamejuana katika kwaya ya kanisa la kwao, wakapendana, na wazazi wa pande zote mbili walijua na kunyamaza, ambayo kwetu ni namna ya kukubali. Walifika langoni pamoja, kila mmoja ameshika upande mmoja wa sanduku lile lile. Fulana za kijani ziliona sanduku moja, zikahesabu mzigo mmoja, zikawatia wote wawili katika familia yetu.

Hakuna aliyewaza lolote mpaka siku mwenyekiti alipoingia kantini akawakuta wanakula muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, kutoka sahani moja. Jumatano iliyofuata alikuja nyuma ya maktaba mwenyewe, na koti lake.

"Imeripotiwa," akasema, "kwamba katika boma hili kuna uchumba kati ya mtu na dada yake."

Tukatazamana. Mpiga ngoma alidhani anasemwa mtu mwingine.

"Dada yake tangu lini?" nikauliza.

"Tangu langoni."

"Na kabla ya langoni? Walikuwa wachumba."

"Ya kale yamepita. Wewe fresha, unataka kutuambia ndugu waoane? Hata kwetu Wakamba, watu wa ukoo mmoja huoana?"

"La. Lakini ukoo wetu una mwezi mmoja."

Baba alinikanyaga mguu. Mwenyekiti akatoa hukumu: wawili hao waachane, au watoke ushirikani.

Kwangu mimi kutoka kungekuwa likizo. Kwa yule msichana halikuwa jambo la kucheka. Karo yake ilitoka kwa kanisa la kwao Kyuso, na kila mwisho wa muhula mchungaji angempigia simu mwenyekiti wa ushirika kuuliza kama binti yao bado anasimama imara. Neno moja la "alitoka" lingetosha kumrudisha nyumbani kuchuma pojo. Ilikuwa amwache kijana au aache masomo. Jioni ile alikaa kwenye ngazi za hosteli, hakulia, akawa anapekua kokoto kwa kijiti.

"Nimeimba kwaya tangu nikiwa darasa la tatu," akaniambia. "Sikujua nitafukuzwa kwa kuzaliwa vibaya langoni."

Aliyepata njia ni mama. Alitujia kesho yake akicheka peke yake, kwa sauti ya mtu aliyetatua hesabu ngumu.

"Shida ni undugu, sivyo? Basi tuukate. Huyu kijana tumtoe kwa familia nyingine, awe mtoto wa watu. Halafu arudi kwetu na wazee, alete mbuzi kama mwanaume. Nani atakataa?"

Alilisema kwa mzaha. Nataka hilo lieleweke, maana baadaye hakuna aliyelikumbuka. Alipolipeleka kwa mwenyekiti, yule alifumba macho, akaguswa na hekima ya mila, akasema litafanywa kikamilifu.

Mpiga ngoma akapelekwa kwa familia iliyokutana nyuma ya jikoni. Baba na mama wa huko walikuwa watu wa Makueni, wa upande wa Kathonzweni, na walimpokea kwa kumpa embe. Jumamosi alasiri, watu walipokwisha kuanika nguo, wakamleta. Sisi tuliketi upande mmoja kwenye viti vya plastiki, wao upande wa pili. Mimi, kama kaka wa bibi harusi, nilitakiwa nikunje uso.

Kwetu posa huanza na ntheo, mbuzi watatu wa kwanza ambao bila wao hakuna mazungumzo. Wanafunzi hawana mbuzi. Lakini mabomba yalikuwa yamekauka tena, na wageni walikuja na kitu kilichokuwa adimu kuliko mbuzi: mitungi mitatu ya maji ya kisima, ya lita ishirini, wakaishusha mbele yetu wakihema.

Baba aliinuka kukagua. Tulitarajia atacheka. Akazunguka mtungi wa kwanza mara mbili, mikono mgongoni.

"Huyu amekonda," akasema. Maji hayakufika shingoni.

"Njia ni ndefu, mzee," akajibu baba wa Makueni. "Ametokwa jasho."

"Na huyu? Huyu ana kilema." Wa pili ulikuwa umezibwa kwa mfuko wa nailoni badala ya kifuniko.

"Huyo ndiye anayezaa sana."

"Nyinyi watu wa Makueni mnajua maembe. Msitufundishe mbuzi."

"Na nyinyi wa Kitui kwenu mbuzi ndiye kifungua mimba, watoto wanafuata!"

Watu wakaangua kicheko, lakini nilimtazama baba nikaona hachezi tena. Alikuwa amesimama wima, sauti imeshuka, shingo imenenepa. Alisema binti yake ni msomi. Alisema hawezi kumtoa kwa mbuzi anayevuja. Alidai wa nne, kwa ajili ya uchungu wa mama, na mama akamwambia kwa sauti ya chini, "Uchungu gani? Nilikuwa nakula karanga." Mazungumzo yakaendelea hadi kivuli cha maktaba kikatufunika. Bibi harusi mwenyewe aliketi pembeni akisoma kitabu cha kemia. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Mwishowe ntheo ikakubaliwa. Mwenyekiti akasimama kubariki, na hapo ndipo alipoharibu kila kitu.

"Kuanzia leo," akasema, "huyu ni mkwe. Na mkwe ana nthoni."

Asiye wa kwetu aelewe hivi: nthoni ni ile haya ya heshima, na kati ya mwanaume na mama mkwe wake ni sheria nzito. Hawaketi chumba kimoja, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja hupinda. Nyumbani ina maana yake, na nyanya yangu aliiheshimu hadi kaburini. Chuoni ina maana kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akimwona mwanafunzi wa mwaka wa tatu kwenye foleni ya chakula, anajificha nyuma ya nguzo na sahani yake mpaka maharagwe yaishe.

Vichekesho hivyo vilidumu wiki nyingi. Mama ndiye aliyeongoza kwaya, na mkwe ndiye mpiga ngoma. Jumapili ngoma zilitolewa nje ya ukumbi, akawa anazipiga akiwa amesimama dirishani, jua likimchoma utosi, nyuma ya wimbo kwa mapigo mawili kwa sababu hakuisikia kwaya vizuri. Wageni walidhani ni mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Mwenyekiti alisifu mfano wake mbele ya ushirika wote.

Jumatano ilikuwa mbaya zaidi. Msichana alikuwa bado binti wa nyuma ya maktaba, na mama alikuwa pale, kwa hiyo mume mtarajiwa hakuweza kukanyaga. Kabla ya mahari walikuwa ndugu na walikaa benchi moja. Sasa walikuwa wameruhusiwa kupendana na hawakuweza kuonana. Nilipomweleza baba jambo hilo, alisema ndoa zina majaribu yake.

Msichana alivumilia kuliko mimi. Kisha Jumatano moja alikuja na kiti chake cha plastiki mkononi, hakukiweka chini.

"Baba, mama," akasema, "nimekuja kuaga. Mbuzi wamelipwa. Bibi hukaa kwa mume. Nahamia nyuma ya jikoni."

Mama alijifunika uso kwa Biblia, mabega yakitikisika kwa kicheko. Mwenyekiti, aliyekuwa amepita kutusalimia, alisema haiwezekani: fresha habadilishi familia kwa hiari yake, huko ni kutoka, na kutoka ni kutoka.

"Mlimtoa yeye kwa siku moja," msichana akasema.

"Yeye alitolewa na kamati. Wewe unajitoa. Na ujue mchungaji wenu atanipigia wiki hii, nami siwezi kusema uongo."

Karo yake ilikuwa mkononi mwa mtu aliyevaa koti kwenye joto.

"Sawa," akasema. "Akikupigia, nitakuwepo."

Tangu siku hiyo alimfuata. Mwenyekiti akienda kantini, yupo meza ya pili na kemia yake. Akitoka darasani, yupo kwenye ukuta. Simu ilikuja Ijumaa mchana, ndani ya ukumbi, tukiwa tunapanga viti vya ibada. Mwenyekiti alitaka kwenda pembeni. Msichana akasema, kwa adabu kabisa, "Weka spika, mwenyekiti. Mchungaji wangu hana siri nami." Akaiweka.

"Bwana asifiwe, mwanangu," sauti ya mzee ikasema, na nyuma yake kuku. "Msichana wetu yuaje? Bado yuko kwa ushirika?"

"Asifiwe sana, pasta. Yuko, ila... kuna jambo kidogo la kuhama familia."

"Familia gani? Babake nimemwona asubuhi kwa soko."

Mwenyekiti akanyoosha kola ya koti.

"Mweleze vizuri," msichana akasema polepole. "Anza na langoni, nilivyozaliwa. Halafu mbuzi. Mwambie mbuzi wangapi, na walikuwa na nini ndani."

Nilimwona mwenyekiti akijaribu. Alivuta pumzi, akainua mkono wa hotuba. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kulipanga jambo lile lote kichwani kwa masikio ya mtu mzima aliyeko Kyuso, mtu ambaye mbuzi wake wana miguu minne. Mkono ukashuka.

"Hallo?" mzee akasema. "Umepotea?"

"Yuko sawa kabisa, pasta. Anasimama imara. Kuliko wengi."

"Mungu awabariki. Mwambie mamake anamsalimu."

Simu ilikatika. Mwenyekiti alivua koti lake, akalitazama kama lisilo lake, akaendelea kupanga viti. Mpiga ngoma, aliyekuwa amekuja na ngoma zake hadi dirishani kama kawaida, alibaki amezikumbatia bila kujua kama ameoa au ameachwa. Msichana akamwashiria aingie. Akaingia, akaketi karibu naye.

Mara mama akatokea mlangoni na vitabu vya kwaya. Mkwe akaruka, akaangusha kiti, akaanza kutafuta njia ya kupita dirishani.

"Kaa chini, mtoto," mama akasema. "Nina mtihani Jumatatu. Sina wakati wa kuwa mama mkwe wa mtu."