Mwambie Mama Afunge Mlango

Kama unatafuta hadithi ya kutunga, tafuta mtu mwingine. Haya yalinipata mimi, nikiwa na akili zangu timamu na miwani yangu usoni. Naishi Nyanchwa, nimeuza vitambaa Kisii mjini hadi magoti yakakataa, na kanisani mimi ni shemasi. Sisi Wasabato tunafundishwa kwamba aliyekufa amelala, hajui lolote, hatembei wala hasalimu watu. Hata watoto nimewafundisha hivyo kwa mdomo wangu huu huu. Basi nisikilize, halafu uniambie ni nani aliyenisalimu Lodwar.

Mume wangu alipostaafu ualimu, wenzake walinunua ng'ombe wa maziwa. Yeye alinunua gari kuukuu, lile la aina ya kubebea wagonjwa, akalitia kitanda, jiko la gesi na mapazia niliyoyashona mwenyewe. Majirani walicheka hadi wakachoka. "Mwalimu, shamba limekuwa dogo hivyo hadi unajenga juu ya magurudumu?" Naye akacheka nao. Binti yetu Moraa alikuwa amepata kazi ya uuguzi huko Lodwar, anaishi chumba kimoja, ndipo tukaamua kumtembelea na kitanda chetu wenyewe. Tukapakia mkungu wa ndizi mbivu, tukashika njia.

Mwalimu huendesha gari kama amebeba mayai, kwa hivyo tulifika jioni ya siku ya pili. Moraa alikuwa kazini hadi asubuhi. Shida yetu ikawa moja tu: tulale wapi? Mwalimu alikuwa ameandika kwenye daftari mambo ya kuangalia. Ukuta, mlinzi, taa, choo, maji. Ualimu haumtoki mtu hata akistaafu.

Tulianza na uwanja ulio nyuma ya kituo kimoja cha mafuta. Malori yalikuwa yakinguruma, na moshi ukaniingia hadi kifuani. Tukaenda kwenye ua wa nyumba ya wageni, juu ya mwinuko nje kidogo ya mji. Pale palikuwa na kila kitu kilichoandikwa kwenye daftari, pamoja na mlinzi mzee Mturkana aliyetuonyesha bomba. Lakini mti haukuwepo hata mmoja, chini ni mawe matupu, na ukuta ulikuwa umekunywa jua kutwa nzima. Mimi nimezoea baridi ya kwetu, blanketi mbili kila usiku. Nikasema hapa tutaiva kama mikate.

Chini ya mwinuko huo niliona migunga mikubwa imeshikana matawi, na kati yake mchanga mweupe, laini, safi kama uliofagiliwa. Upepo unapita. Kimya. Nikasema tulale hapo.

"Mama Moraa," Mwalimu akaniuliza, "mbona mahali pazuri namna hii hapana hata kibanda cha mtu?"

Swali zuri, sivyo? Nikamjibu kwamba watu wa huku hawajui mahali pazuri. Mungu anisamehe.

Jua lilikuwa linazama. Mwalimu alikuwa ndani anabandika chai, mimi nimeketi nje na kichana cha ndizi mapajani. Nikasikia sauti nyuma yangu:

"Bwairire, baba."

Kwetu hiyo ni salamu ya jioni, na usishangae, kwa Kigusii baba ndiye mama. Kutwa nzima nilikuwa sijasikia lugha yetu kutoka kwa mtu mwingine isipokuwa mume wangu. Nikageuka nikiwa nimeshaanza kutabasamu. Alikuwa kijana wa miaka kama thelathini, mpole wa uso, shati limemganda mwilini. Na miguuni alivaa gambuti. Gambuti, Lodwar! Kwetu tunazivaa kuingia shambani kwa sababu ya matope, lakini kule matope yatoke wapi? Zilikuwa zimejaa maji. Aliposogea nilisikia yakicheza ndani.

"Mwanangu, umetoka wapi?" nikamuuliza.

"Sironga, baba. Mimi ni Ombati, wa mama Kerubo. Nilikuwa nauza ndizi hapa."

Nikamnyooshea ndizi. Hakuichukua. Aliinama akainusa kwa muda mrefu, macho yamefumbwa, na niamini, huruma ilinishika hata kabla sijajua ni huruma ya nini.

"Zimeiva vizuri," akasema. "Lakini hapa si pa kulala. Ondokeni sasa. Nendeni kule kwenye ukuta."

"Kule kuna joto, mwanangu. Hapa kuna kivuli."

"Hata mimi nilipendea kivuli. Huu ni mto, baba."

Nikatazama juu. Wingu hakuna. Nikamwambia mvua iko wapi? Kwetu maji hayaji bila mvua kupiga hodi kwanza kwenye mabati.

"Mvua haiko hapa. Imenyesha kule juu milimani. Nilisema kama wewe tu." Sauti yake haikuwa ya kutisha hata kidogo. Ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Inuka, baba. Na ukirudi nyumbani, mwambie mama afunge mlango, alale."

Mwalimu akaniita kwamba chai iko tayari. Niligeuza kichwa kumjibu, basi. Niliporudisha macho, kijana hayupo, na pale uwazi ni mkubwa, hakuna pa kujificha. Mchanga ulikuwa mkavu kote ila mahali alipokuwa amesimama, palipolowa ukubwa wa karai.

Nilimwaga chai ya mume wangu. Nikamwambia washa gari. Akaanza kunisomea: si wewe uliyepachagua, si wewe uliyekataa ukuta, na huyo uliyekuwa unaongea naye kwenye simu amekuambia nini? Nikamwambia sikuwa kwenye simu. Sijui aliona nini usoni mwangu, lakini aliacha maneno akawasha.

Tulikuwa hatujamaliza kuegesha ndani ya ua tuliposikia ngurumo, kama lori linalomwaga kokoto bila kukoma. Mlinzi akatuita getini. Mwangaza ulikuwa bado upo kidogo, na nikaona pale tulipokuwa pamekuwa mto mwekundu, unabeba magogo. Ile migunga ilibaki matawi tu. Mwalimu alinishika mkono, jambo ambalo hafanyi mbele ya watu.

Niliketi chini kwenye yale mawe nikalia. Mlinzi akadhani ni hofu. Akatuambia kwamba miaka kadhaa iliyopita mfanyabiashara wa ndizi kutoka Kisii alilala pale ndani ya pikapu yake. Pikapu ilipatikana mbali, imejaa mchanga. Mwenyewe hajapatikana mpaka leo.

Tulikaa na Moraa siku chache, na tuliporudi nyumbani sikupumzika hata siku mbili. Tulienda Sironga, tukauliza, tukaonyeshwa nyumba ya mama Kerubo. Mbele yake kulikuwa na kaburi, na juu ya kaburi mgomba umesimama na mkungu wake. Kwetu mtu akipotea na mwili usipatikane, ukoo huzika mgomba mahali pake, mambo yaishe. Huo waliouzika ulikuwa umechipuka. Hakuna aliyethubutu kuukata wala kula ndizi zake.

Mama mwenyewe ni mdogo wa mwili, macho makali. Mlango wake ulikuwa wazi, umeegemezwa jiwe. Wakwe zake walituambia hajaufunga tangu mwanawe apotee, usiku, mvua, baridi ya kule, na kifua chake kilikuwa kimeharibika kabisa.

"Wao walizika," akaniambia. "Mimi nilimzaa mtu, sikuzaa mgomba. Akija usiku akute nimefunga?"

Nikamweleza yote. Alinisikiliza bila kupepesa. Kisha akaniuliza swali moja tu, alivaa nini miguuni. Nikasema gambuti, zimejaa maji.

"Nilimnunulia mimi," akasema. "Nilimwambia huko hakuna matope, akasema mama, nitavaa tu." Hapo ndipo alipolia, na mimi nikalia naye, tumekumbatiana kama ndugu.

Tulikaa hadi jioni. Tulipokuwa tunatoka aliinama, akaliondoa lile jiwe kwa mikono yake mwenyewe. Tulikuwa bado uani tuliposikia komeo likiingia.

Kanisani sijasema kitu. Ningesema nini? Kwamba wafu wamelala, isipokuwa mmoja niliyemkuta anawazuia walio hai wasilale? Mwalimu bado anasafiri na gari lake, na mimi bado namfuata, lakini siku hizi daftari nalishika mimi. Kilichoongezwa ni kimoja: muulize mwenyeji. Wewe pia, ukifika nchi kame ukaona mchanga laini na kivuli ambacho wenyeji wamekiacha, usijione mjanja kama mimi. Na ukitumwa salamu na mtu usiyemfahamu, usizikalie. Huenda kuna mama mahali fulani analala mlango wazi, na baridi inamwingia.