Pindo la Vidole Vinne

Juzi, hapa kisiwani Nosy Be, mjukuu wangu alinisomea neno la Kiingereza kutoka kitabu chake cha shule: remnant. Alisema limetokana na Kifaransa cha zamani, na maana yake ni kitambaa kilichobaki, au watu waliobaki baada ya wenzao kwisha. Papo hapo nikasikia harufu ya kafuri, ile wanayotiwa maiti.

Nilikuwa mdogo, mjini Mahajanga. Wanaume walikuwa wameshaondoka na jeneza la baba. Bibi yangu, ambaye kwa Kikomoro tulimwita Koko, alikuwa chumbani na kipande cha bafta nyeupe kilichosalia kwenye sanda. Tangu asubuhi nilikuwa nikiisikia bafta ile ikichanwa kwa mikono.

Koko aliniita, akakishikiza kitambaa begani kwangu na kukishusha hadi miguuni.

"Kinakutosha," alisema.

Nilikauka. Baba naye alikuwa amepimwa hivyo hivyo. Nilikaa mkekani nimebana pumzi, nikimtazama akitunga uzi kwenye sindano, hadi nikashindwa kuvumilia.

"Koko, mtanizika leo?"

Aliiweka sindano mkekani. "Hili ni gauni la chuoni, la kwendea kusoma Kurani, mwanangu. Umebaki wewe tu wa kushonewa."

Sikumwamini. Sikujua kwamba sanda haitiwi pindo, wala kwa nini gauni lile alilitia pindo pana la vidole vinne, huku machozi yakimdondoka juu ya bafta.

Nilipokuwa nikirefuka, tulilifumua pindo lile mara tatu.