Kishingo wa Bibi Zuhura

Enzi zetu pale Mengo, wakati wa utawala wa wanajeshi, sukari ilikuwa adimu dukani lakini kuku uani walijaa tele. Bibi Zuhura, mama yake baba, akimwaga pumba asubuhi, sisi watoto tunakaa kibarazani tukishindana kutaja aina. Yule mrefu, anayetembea kifua mbele kama afande: kuchi. Manyoya yamejikunja: kidimu. Hana mkia: kibutu. Shingo tupu, nyekundu: kishingo. Ukikosea unateka maji siku nzima, na juu ya hayo Bibi anakusuta, "Macho hayo umepewa urembo?"

Asubuhi moja akaingia askari aliyekuwa akikaa nyumba ya upande wa juu wa barabara. Hodi hakupiga. Akamnyooshea kidole kishingo wa Bibi, aliyekuwa na vifaranga sita.

"Hii kuku yangu! Shingo hakuna manyoya. Nani aliiba?"

"Mchukue tu, afande," baba akasema taratibu.

"Nachukua kuku na mwizi wake. Panda gari!"

Jamani, siku zile ukipandishwa gari la askari, majirani walianza kukutaja kwa sauti ya chini, kama anavyotajwa marehemu. Mama alijiziba mdomo kwa leso. Mimi nilikuwa na miaka tisa na kiherehere changu, nikajikuta nimeuliza, "Afande, kuku wako shingo yake ilianza lini kuwa tupu?"

Mama alinifinya, wallahi alama ilibaki siku tatu.

"Mwezi jana. Jogoo anadonoa yeye."

"Basi siye huyu. Aliyedonolewa, ukimpapasa utakuta vishina vya manyoya. Kishingo anaanguliwa hivyo hivyo. Tazama watoto wake."

Nikamwekea kifaranga kiganjani. Shingo tupu. Nikamwonyesha wa pili, vilevile. Akamshika mama mtu, akampapasa shingo kwa kidole gumba, juu mpaka chini. Kisha akaangua kicheko.

"Toto hii iko na macho!" akasema, na akaomba apewe kifaranga mmoja akafuge. Bibi alimpa kwa mikono miwili.

Alipotoka, baba alinipakata, msichana mkubwa mimi, akanikumbatia kwa nguvu. Alikuwa anatetemeka mwili mzima. Sikujua kabla ya hapo kwamba baba naye huogopa.

Leo nafuga kuku wangu Kamwokya, na wajukuu wananichekesha. Kuku wanamjua wa kwenye friji. Juzi mmoja alimwona kishingo akaniuliza ni saluni gani iliyomnyoa vibaya hivyo! Nikamsuta vizuri. Jana huyo huyo nilimsikia getini akibishana na askari aliyeegesha pikipiki mlangoni petu, anamwambia aitoe, tena kwa sauti kubwa, na baba yake ndani anaendelea kunywa chai. Moyo wangu ulikwenda mbio, lakini mtoto na baba yake hata hawakushtuka. Aina za kuku nitawafundisha wajukuu. Hofu ile wasiijue kamwe.