Ribiti za Roboti

Tangu vitu vya nje viruhusiwe, tajiri wangu, Mzee Sikazwe, analijaza duka lake hapa Sumbawanga. Safari hii alileta roboti la plastiki la kuunganisha vipande, akanikabidhi mimi, fundi wake wa redio.

“Ni laini mno kama sahani,” alilalamika. “Lifanye lionekane la chuma kweli. Jumamosi nalionyesha watu mlangoni.”

Nilichora mistari ya mabati kwa sindano ya moto. Zikabaki ribiti, vile vichwa vya misumari vinavyoshikanisha mabati. Nikachukua ulezi, nikaubandika punje kwa punje kwa uji wa ngano. Ulipendeza mno, hata tajiri akauliza ni kitu gani.

“Plastiki maalumu, mzee. Nimeagiza Dar.” Sijui ulimi uliniwashia nini.

Nikihofia upepo wetu mkavu usije ukaupasua ule uji, nililifunika roboti kwa kitambaa kibichi, nikaliweka karibu na jiko la chai. Kila asubuhi nilinyunyizia maji bila kufunua.

Jumamosi mlango ulijaa watu. Tajiri aliposhika kitambaa, pua yangu ilishanusa jambo. Akafunua. Kifua kizima cha roboti kilikuwa kimeota vimizizi vyeupe.

“Hii ndiyo plastiki ya Dar?” aliniuliza taratibu.

Kabla sijajibu, bibi mmoja mpika pombe kutoka Mpui alisogea, akabandua punje begani kwa ukucha, akaionja.

“Mwanangu,” akaniambia, “kimea chako cha pombe tayari. Kianike leo hii, kesho kitaoza.”