Nyoka Aliyejua Sauti ya Baba

Nilipokuwa mtoto, mvua kubwa ikishaanza kunyesha, kwetu mtu hakuitika akiitwa. Hata aite nani. Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyetufundisha hivyo mimi na mdogo wangu Oliva, na alitufundisha kwa ukali, maana alikuwa mwanamke wa kufinya kwanza na kueleza baadaye.

Wakati huo tulikaa juu kilimani, upande wa Msanzi, nyumba zimetawanyika katikati ya yale matuta ya duara ambayo sisi Wafipa tunafukia nyasi ndani zioze. Chini kulikuwa na bonde pana, bichi hata kiangazi, na hakuna aliyejenga kule. Bibi alisema ni njia ya nyoka. Nyoka huyo hulala mlimani miaka na miaka, na siku akiamka huteremka, bonde lote linakuwa lake. Akipita anaita watu kwa majina yao, tena kwa sauti za ndugu zao. Ukiitika umekwisha. Kwa hiyo mvua ikizidi tuliingia ndani, mlango ukakomewa kwa gogo, na kimya.

"Hata nikisikia wewe unaniita?" nilimuuliza siku moja.

"Hasa ukinisikia mimi," alisema. "Mimi niko humu ndani na wewe. Huko nje nafuata nini, mjinga wewe?"

Zikaja siku za vijiji vya ujamaa. Tukaambiwa tushuke bondeni, karibu na barabara, karibu na shule na maji. Katibu wa kijiji alikuwa kijana mpole, mgeni kwetu, aliyemwamkia kila mzee shikamoo. Bibi alimfuata akamwambia, "Mwanangu, pale ni njia ya mwenyewe. Tukijenga pale atatukuta."

"Bibi, nyoka tutamkata mapanga," katibu akajibu. Watu wakacheka. Baba naye alicheka, namkumbuka vizuri.

Bibi hakucheka. Siku ya kuhama alipanda lori na mafiga yake matatu mapajani, akakaa amewapa watu mgongo mpaka tukafika. Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho kwenye mstari, jirani kabisa na kijito. Mimi, nisiseme uongo, nilipapenda. Shule ilikuwa pale pale, na maji nilichota huku naimba.

Masika ya pili ndiyo yaliyotukuta. Mashamba yetu yalikuwa bado juu kilimani, kwa hiyo mchana ule baba, mama na mimi tulipanda kupalilia maharage, bibi akabaki nyumbani na Oliva. Mvua ilianzia mbali, milimani nyuma yetu, nyeusi tii, kisha ikatufikia. Tulijibanza kwenye kibanda cha shamba. Ilipopungua kidogo tukatazama chini, na kijito hakikuwapo tena. Bonde zima lilikuwa maji ya rangi ya udongo, nayo yanapanda.

Watu walikuwa wanakimbilia mlimani na watoto migongoni. Wengi walitoka vilima vingine, na kwao hapakuwa na mwiko kama wetu. Mama alikuwa anawatazama mmoja mmoja.

"Baba Sabina," alisema, akimwita baba kwa jina langu. "Mlango wetu umefungwa."

Baba alitupa jembe akakimbia. Tulimfuata mpaka pale mteremko unapoishia, mama akanishika nguo kwa nguvu. Baba alipofika mlangoni maji yalikuwa kiunoni. Akaugonga kwa mikono miwili.

"Mama! Mama, ni mimi! Fungua! Oliva! Oliva, mwanangu!"

Jamani, aliita! Tulimsikia kule tulikosimama, wenye nyumba wasimsikie? Hakuna aliyeitika. Nyumba ilikuwa ya matofali mabichi, na ukuta wa nyuma ulikaa chini taratibu kama mtu aliyechoka. Baba akaingia pale palipobomoka, akamdaka Oliva kwa gauni. Bibi alikwenda na ukuta.

Tulimpata kesho yake, tukamzika kilimani tulikotoka. Katibu alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, analia waziwazi.

Jioni ile ile ya mafuriko, tumehifadhiwa kwa watu, Oliva alisema bila kuulizwa, "Nilitaka kusema abee. Bibi akaniziba mdomo. Akasema, nyamaza, leo ameijua mpaka sauti ya baba yako."

Baba aliinuka akatoka nje. Tangu siku ile mpaka uzeeni, mvua ikinyesha hakumwita mtu kwa jina. Alikuja mpaka ulipo, akakugusa bega. Mara moja tu, tunapukuchua mahindi, aliniambia, "Sauti yangu ndiyo iliyokomea ule mlango." Nilimbishia sana. Hakunisikia.

Mimi nilimchukia nyoka, nikamchukia katibu, nikamchukia na bibi, Mungu anisamehe. Imenichukua umri mzima kuona kwamba kule juu bibi alikuwa sawa. Ukiwa kilimani, mvua inanguruma, ukasikia mtu anaita bondeni ukamshukia, hutarudi. Bila shaka waliwahi kushuka wengi kabla mtu hajawaza kusimulia habari ya nyoka ili watoto wabaki ndani. Mlango uliofungwa kilimani ulikuwa uhai. Sisi tukahamishiwa kwenye njia yenyewe ya nyoka, na mwiko tukaupakia kwenye lori pamoja na mafiga. Katibu hakuuliza nyoka ni nini. Bibi naye hakujiuliza ule mlango ulikuwa wa nini. Na sisi wengine tulicheka.

Sasa nakaa Milanzi, na wajukuu wananidai hadithi ya nyoka. Nawapa yote, na njia yake nawaonyesha kwa kidole ili wasije wakajenga kule. Ila mwisho nimeubadilisha. Nawaambia mvua ikizidi, ukiitwa, itika, na mlango ufungue.

Juzi ilinyesha kweli kweli. Nilikuwa natoka kwa jirani, nikasimama uani nikamwita yule mjukuu mdogo aliyepewa jina la bibi. Sikulimaliza jina.

"Abee, bibi!" akaitika, na mlango ukafunguka.

Nililowa pale uani kwa muda, sikuweza kuingia mara moja. Nilikuwa namlilia baba.