Vidonge vya Furaha

Walinipa glavu zilizonizidi mikono, wakaniambia nipange chupa za damu kwa rangi ya vifuniko. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu siku ya kwanza, katika maabara moja karibu na mtaa wa Glenwood, huku kusini ugenini, mimi niliyetoka Bukavu na diploma yangu ya maabara ndani ya bahasha. Msimamizi wa mapokezi aliitazama, akaona imeandikwa Kifaransa, akanirudishia bila kuimaliza. "Utaanzia chini," akasema. Nilianzia chini, nikakaa hukohuko miaka minne, na hasira zake bado ninazo.

Baadaye nikahamishiwa mashine za damu, na huko kazi kubwa ilikuwa chuma. Ninyi vijana mkisikia chuma mnafikiria misumari, kumbe kimo mwilini mwenu. Himoglobini ni protini ya chembe nyekundu za damu. Chuma kilichomo ndicho kinachoishika oksijeni na kuisafirisha. Feritini ni protini nyingine, ghala la akiba ya chuma. Ghala likiwa tupu, himoglobini hushuka, na mjamzito aliyepungukiwa namna hiyo akivuja damu wakati wa kujifungua anaweza kufa wauguzi wakimtazama. Mkuu wa Maabara alichoka kunisikia nikiuliza kwa nini wajawazito wengine hupewa vidonge vya chuma na bado damu haipandi.

"Mama, sisi tunapima," aliniambia. "Kumhoji mgonjwa ni kazi ya kliniki."

Kliniki nao walisema ni kazi ya maabara. Kila mmoja alimsukumia mwenzake, na mama wa watu yuko katikati na tumbo lake. Ilinichosha roho.

Miaka yangu ya mwisho nilipelekwa kuwatoa wagonjwa damu ya kupimwa kwenye kliniki moja ya mtaa wa Point. Huko ndiko alikonijia Furaha, msusi wa saluni tuliyesali naye kanisa moja, mimba ya miezi saba. Uzazi wake wa kwanza alivuja damu nusura afe. Sasa himoglobini ilikuwa imeshuka mara ya tatu mfululizo, na kwenye fomu yake muuguzi alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: HAMEZI DAWA. Nami nikaamini. Nikapandisha sauti kabla hata sijamshika mkono.

"Furaha, kwa nini unatupa vidonge? Unataka kutuachia yatima?"

"Eish, Maman Espérance! Situpake ata moja. Nakunywaka kila siku. Ata choo yangu iko nyeusi tii!"

Nikaitazama fomu tena. Choo cheusi kinatokana na chuma kilichopita tumboni bila kunyonywa na mwili. Anayetupa vidonge hakipati. Binti wa watu alikuwa anasema kweli, na fomu ndiyo iliyokuwa inasema uongo.

"Unameza na nini?"

"Na chai. Ile ya majani mingi, na maziwa."

"Chai! Mjinga gani alikufundisha hivyo?"

Akainamisha macho kwa heshima. "Ni weye, Maman. Ile dimanche kisha culte, nilikuambia vidonge viko vinanitapisha. Ukasema nikunywe na chai ya moto."

Niliikumbuka Jumapili hiyo, baada ya ibada. Kanisani waliniita daktari kwa sababu tu waliniona na koti jeupe, na mimi, badala ya kuwakatalia, nilijibu kila swali huku nikitafuna andazi. Tanini iliyomo kwenye chai hushikana na chuma tumboni, mwili ukashindwa kukinyonya. Hilo nililisoma nikiwa msichana, nikalifanyia mtihani, nikafaulu. Sijawahi kujikasirikia kama siku ile.

Nikamwambia ameze na maji ya machungwa, chai aiache mpaka saa mbili zipite. Nikaenda kwa muuguzi, nikamwambia afute yale maneno, mgonjwa anameza, ila anameza na chai. Chai ya nani, sikusema. Daktari akamwongezea chuma cha kutundikiwa kwenye mshipa. Siku ya kujifungua Furaha alivuja tena, ila safari hii damu yake ilitosha.

Nilipostaafu, waliniaga kwa keki, na Mkuu wa Maabara akahutubia kwamba sijawahi kutoa jibu la makosa. Kweli, mashine zangu hazikukosea. Ninyi mnaoanza kazi hii, muulizeni mgonjwa anameza na nini, hata mkiambiwa hayawahusu. Na msilolijua, semeni hamlijui. Mimi hilo lilinishinda, na kisa chenyewe sijakimaliza.

Maana Jumapili aliyomleta mtoto kanisani, Furaha alisimama kutoa ushuhuda. Alisema Mungu alimtumia Maman Espérance kuokoa maisha yake. Nilijua la kufanya: nisimame, niseme ni mimi niliyekaribia kumwua. Kanisa zima likanigeukia, likapiga makofi. Nikasimama kweli. Nikapunga mkono, nikaketi.