Njahi za Cucu na Kitalu cha Damu

Harufu ya njahi zikichemka bado hunirudisha jikoni kwetu Ruring'u, msimu ule wa baridi nilipokuwa na miaka kumi na miwili. Ukungu haukuondoka hadi adhuhuri, na moshi wa kuni ulitulia juu ya mabati. Cucu, mama yake mama, alikuja kutoka Mwea alikolima mpunga, amebeba mfuko wa maharagwe hayo meusi aliyoyanunua sokoni Kagio, kwa sababu mdogo wangu Wangechi alikuwa amepauka, hana nguvu hata za kuruka kamba. Kwetu njahi hupikiwa mwanamke aliyetoka kujifungua ili arudishe damu, na kila aliyemtazama Wangechi alisema jambo moja tu: damu imepungua.

"Cucu, kwani mimi nimezaa?" Wangechi aliuliza alipowekewa sahani ya tatu siku hiyo. "Mtoto yuko wapi?"

"Kula, wewe! Maneno mengi, na damu hakuna," Cucu akamjibu, nasi tukacheka.

Tulimlisha hivyo karibu wiki tatu. Homa ikaja, ikaenda, ikarudi. Alama za kuvilia damu zikatokea mapajani, na mama akanifokea akidhani nimekuwa nikimfinya. Nililia sana, maana sikuwa nimemgusa. Kisha asubuhi moja, akipiga mswaki, ufizi wake ulitoka damu isiyokoma. Mama hakungoja uji uive. Sote tulienda hospitali, na majibu ya kipimo cha damu yakafanya tupelekwe Nairobi siku iyo hiyo. Huko walimtoa uboho kidogo kwenye mfupa wa nyonga, wakaupima.

Daktari, mwanamke mpole, alituambia ni saratani ya damu, aina ya leukemia inayokua kwa kasi. Cucu akauliza kwa sauti ndogo, "Ni njahi zangu zilizomchelewesha?"

"Si chakula kilicholeta ugonjwa, cucu, wala hakuna aliyemwambukiza. Wiki zile zilikuwa za thamani, ndiyo, lakini mmemleta. Nimeambiwa unalima mpunga. Niambie, kitalu cha mpunga kikijaa magugu, miche hukua?"

"Itakulia wapi? Hata uweke mbolea, lazima kwanza ung'oe magugu."

"Basi ndani ya mifupa kuna kitalu cha damu. Chembe changa zilizoharibika zimekijaza. Zile za kumpa nguvu, za kuzuia damu kutoka na za kupigana na homa hazina pa kukulia."

Dawa zilipoanza kung'oa magugu, ziliumiza na miche. Nywele zikaisha, akaongezewa damu mara nyingi, nasi tukanawa mikono kila tulipomkaribia, kwani homa ndogo tu ingeweza kumwangusha. Si kila mtoto wa wodi ile alirudi kwao. Wangechi alirudi baada ya miezi mingi, akilalamika kwamba sweta ya shule imekuwa kubwa.

Siku hizi mwanangu akipauka, au akivilia damu bila kuanguka, tunaanza na kipimo, chungu hungoja. Lakini mwaka jana nilichemsha njahi kwa furaha, nikampelekea Wangechi sahani iliyojaa. Alikuwa amelala kitandani, na Cucu, aliyezeeka sasa, amepakata kitoto kichanga.

"Haya, leteni," Wangechi akasema. "Leo nimezaa."